Mtoto Aliyefumba Mdomo

Binti yangu alikuwa na miezi sita alipoanza kunidharau. Sina neno jingine. Nikileta kijiko, alikitazama kwanza, kisha akanitazama mimi, kisha akafumba mdomo na kugeuza uso upande wa ukuta, taratibu kabisa, kama karani anayekwambia urudi kesho. Hakulia. Angelia ningejua pa kuanzia.

Na wacha niseme bila haya: kulisha watoto ndiyo kazi yangu. Mimi ni yaya katika nyumba moja ya Spring Valley, mtaa wa matajiri, na tangu nitoke Kitui nimelea watoto wanne wa wenyewe. Hakuna aliyenishinda. Mvulana niliyekuwa naye wakati huo, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anamaliza bakuli la malenge na kuku na kudai jingine. Mama yake, ambaye namwita madam, alinisifu kwa marafiki zake kwenye simu: "Huyu auntie wetu ako na mkono poa. Hata spinachi mtoto anakula." Nilikuwa nayasikia hayo nikiwa jikoni, kichwa kinavimba. Halafu jioni narudi kwangu Kangemi, na mtu wa kilo sita ananifundisha adabu.

Sikutarajia vita. Alipofikisha miezi sita nilimkorogea uji wa wimbi mwepesi, nikamfunga kitambaa shingoni, nikampiga picha na kumtumia mama yangu. Ukiitazama picha hiyo vizuri utaona uji uko kidevuni. Haukupita hapo. Siku ya pili nikatia ndizi, siku ya tatu nikatia maziwa yangu mwenyewe niliyokamua, nikidhani atajua ladha ya nyumbani. Nikaenda kwenye viazi vitamu, avokado, malenge, ndengu zilizopondwa hadi zikalainika kama losheni. Baba yake ndiye aliyekuwa anavimaliza vyote hivyo, mtoto akishalala, amesimama kando ya jiko. Alisema chakula cha watoto ni kizuri, kimekosa chumvi tu. Nilikuwa nataka kumrushia sufuria.

Alipofikisha miezi saba, nesi wa kliniki alimning'iniza kwenye mizani, akasubiri mshale utulie, kisha akachora nukta kwenye kijitabu chetu.

"Mwezi uliopita ilikuwa hapa," akasema. "Saa hii iko hapa. Hii mstari inafaa kupanda, mama. Yako imelala. Unampatia nini?"

Nikamtajia vyote, mpaka ndengu.

"Na anakula?"

"Anafunga mdomo, sista."

Akamkagua mdomoni, akambonyeza tumbo, akauliza kama anaharisha, kama ana homa, kama anakohoa. Hakuwa na lolote. Alikuwa anamchekea nesi.

"Sioni ugonjwa," akasema. "Lakini maziwa peke yake haimtoshi sasa. Rudi baada ya mwezi. Kama hajaongeza kitu, nitakuandikia barua mlazwe, wamwangalie vizuri."

Mlazwe. Mtoto wa umri huo halazwi peke yake. Mama analala naye wodini mpaka siku ya kutoka, na siku ya kutoka hakuna anayeijua. Nyumba ya Spring Valley haiwezi kusubiri hivyo. Najua kwa sababu yaya aliyekuwa pale kabla yangu aliomba wiki mbili akamuuguze mama yake, na aliporudi alinikuta jikoni nimefunga aproni aliyoiacha. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mtoto bado anapenda kulazwa upande wa kushoto. Kwa hiyo nilitoka kliniki nikiwa na hofu mbili: mwanangu anakonda, na tukilazwa nitapoteza kazi inayoleta hicho chakula anachokikataa. Nilikaa kwenye benchi nje nikamnyonyesha, maana hilo ndilo jambo pekee nililokuwa nalijua.

Nikaamua sasa nitafanya mambo kitaalamu. Maana yake, nitafanya kama Spring Valley. Kwa madam mtoto anakula saa kumi na mbili jioni kamili, peke yake, kwenye kiti chake, bakuli lake, kijiko chake laini, televisheni imezimwa. Wakubwa wanakula baadaye, mtoto akiwa kitandani. Mimi niliona matokeo kwa macho yangu. Mvulana ananenepa. Sasa ni nani alisema utaratibu huo ni wa watu wenye geti pekee?

Madam alikuwa amemnunulia mwanawe kiti kingine cha kufunga kwenye meza, na kile kirefu cha zamani kilikuwa kimekaa stoo. Nilipouliza alisema, "Chukua tu, auntie, kinajaza nafasi." Nikakibeba kichwani kutoka Spring Valley mpaka Kangemi, miguu yake minne ikitazama juu. Vijana wa bodaboda pale stejini walisimama kabisa. "Mheshimiwa!" wakaniita. "Pole na kampeni! Hatimaye umepata kiti!" Nilicheka nao. Siku hiyo nilikuwa na matumaini.

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, na ni chumba hasa: kitanda, kochi, jiko la gesi, pazia. Kiti kilikaa kati ya kitanda na jiko, na mtu akitaka kufungua mlango ilibidi kwanza akisogeze. Nikamkalisha binti yangu huko juu. Miguu ilining'inia mbali na ubao wa kukanyagia. Nikasimama mbele yake na bakuli, televisheni imezimwa, simu imezimwa, baba yake nimemtuma dukani asije akavuruga mambo. Kimya. Tukatazamana, yeye juu, mimi chini. Nikamwonyesha kijiko. Akafumba mdomo.

Kila jioni, zaidi ya wiki mbili, nilifanya hivyo. Nilikuwa natoka kazini, namchukua kwa mlezi, namnyonyesha, namwosha, namweka kitini, namwomba. Ndiyo, namwomba. Nilimwimbia, nikapiga makofi, nikajifanya ndege. Nikamwambia, "Mama, nihurumie," kwa sababu kwetu binti unamwita mama, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu kwa sauti ile nilijionea aibu. Akishinda, namtoa kitini, namnyonyesha tena, analala. Baba yake akipakua chake baadaye, mimi nilikuwa nachukua chai kavu na kulala. Sikuwa na hamu ya kula. Niliyokula mchana kazini yalinitosha.

Mlezi wake ni mama mmoja wa nyumba ya chini, mjane kutoka upande wa Kakamega, ambaye mtaa mzima tunamwita Shosh, yaani nyanya. Anakaa na watoto sita au saba ambao mama zao wanatoka kabla jua halijachomoza. Naye pia nilimfundisha kazi. Nisamehewe, lakini nilimfundisha. Nilimpelekea chakula kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko, nikamwekea na kijiko.

"Shosh, tafadhali usimchanganye na hawa wengine," nikamwambia. "Akule pale kando, peke yake, asisumbuliwe. Na kijiko yake ni hii tu."

Shosh alivitazama vile vikopo. Amelea watoto tisa wa tumbo lake na sijui mia wa watu. "Sawa, mwalimu," akasema.

Zilipobaki siku ishirini kufika kliniki nikampigia mama yangu, na hilo ni kosa ambalo mpaka leo linanichoma. Mama aliona ninahangaika bure. "Hata wewe ulikataa," akasema. "Nyanya yako alikulaza kwa mapaja, akakinga uji na kiganja hapa mdomoni, akakufunga pua. Ukitaka pumzi si utameza? Na si uko hai?" Akacheka. Kwao halikuwa jambo la ukatili. Kila mtoto wa kijiji kile alinyweshwa hivyo, na walikua wakawa watu wazima wanaobeba mitungi.

Jumapili tulipotoka kanisani nikamtuma baba yake akaongee na wenzake huko nje. Nikakaa chini, nikamlaza mapajani, nikatia uji vuguvugu kwenye kiganja. Nikambana pua kwa vidole viwili. Alinitazama. Hakuogopa mara moja. Alidhani ni mchezo, akaanza kutabasamu, na mdomo ulipofunguka kwa lile tabasamu nikamimina.

Alipaliwa. Akakakamaa, macho yakatoka, sauti ikakatika, midomo ikawa myeusi. Nikamgeuza kifudifudi, nikampiga mgongoni, nikaita jina la Yesu mpaka jirani akagonga mlango. Uji ulitoka, na maziwa ya asubuhi yakatoka, kisha kilio kikatoka, na mimi nikalia kuliko yeye. Jioni hiyo nilipomnyanyua ili anyonye aliutazama mkono wangu kwanza. Kabla ya hapo hakuwahi kuutazama mkono wangu. Nilitamani ardhi inimeze. Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata baba yake, na mama nilipompigia nilimwambia sikujaribu.

Jumamosi iliyofuata madam alisafiri na mwanawe kwenda kwa wazazi wake, akaniachilia kabla ya saa sita. Nikafika Kangemi mchana, saa ambayo sijawahi kufika. Mlango wa Shosh ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamezunguka sinia moja chini kwenye mkeka, wali na maharagwe na viazi, mikono yote ndani, wengine wanakula, wengine wanajipaka. Shosh mwenyewe alikuwa katikati yao na tonge mdomoni, anatafuna na kuongea. Kulikuwa na kelele za soko.

Binti yangu alikuwa kwenye kona, kwenye kitambaa chake safi, na vikopo vyake vimepangwa mbele yake, na kijiko. Hakuviangalia. Alikuwa ameinama mbele kama mtu anayetazama mpira, macho kwenye sinia, na mdomo wake ulikuwa unatafuna. Haukuwa na kitu ndani. Shosh akitafuna, naye anatafuna. Shosh akimeza, naye anameza mate.

Nikavua viatu mlangoni.

"Karibu, mwalimu," Shosh akasema. "Umeona mtoto wako? Kila siku ni hivyo. Nikimpelekea kikopo anafunga."

"Sasa mbona humweki hapa na wengine?"

"Si wewe ulisema akae kando?"

Nilikuwa nimesema. Nikakaa kwenye kizingiti. Shosh akafuta mikono, na aliponiuliza hakuwa ananisuta hata kidogo. Nadhani angenisuta ingekuwa rahisi zaidi.

"Na nyumbani mnakulanga saa ngapi?"

"Akishalala."

"Na asubuhi?"

"Namleta kwako kama bado giza, Shosh. Sinywi kitu. Nakunywa kazini."

"Jumapili je?"

Jumapili namlisha kwanza, au naomba kumlisha, kisha analala, ndipo tunapakua. Nilianza kumjibu hivyo nikaishia katikati.

"Kwa hivyo huyu mtoto," akasema polepole, "hajawahi ona mama yake akikula."

Nilitafuta hata siku moja. Nikajaribu kukumbuka chapati, ndizi, hata karanga. Hakuna. Karibu miezi minane duniani, na mtoto wangu hakuwahi kuniona nikitia kitu mdomoni nikatafuna. Kwake yeye mimi nilikuwa kitu kinachotoa maziwa na kushika kijiko. Kama alidhani chakula ni kitu nilichomtengenezea yeye peke yake, kitu ambacho hata mama mwenyewe hakigusi, alikuwa na haki ya kufumba mdomo.

Na lililoniuma zaidi sikumwambia Shosh. Mimi nakula na mtoto. Kila mchana, madam akiwa ofisini kwake Westlands, mimi na mvulana wake tunakaa kwenye meza ya jikoni, sahani yangu na bakuli lake. Nachukua kijiko kimoja, anachukua kimoja. Natafuna kwa kelele, anacheka, anatafuna kwa kelele. Huo ndio mkono poa waliokuwa wanausifu. Kitu hicho nilikuwa nakifanya bila kukijua, nikakiacha huko, nikabeba kiti.

Shosh alimchukua binti yangu akampakata. Hakumpa kitu. Aliendelea tu kula. Baada ya muda mkono mdogo ukanyooka, ukashika kiazi kwenye tonge la Shosh, ukakipeleka mdomoni. Alikinyonya, akakunja uso, akakitema, akakiokota, akakirudisha. Watoto wengine hawakushughulika naye hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso.

"Mchana wacha mimi," Shosh akasema. "Jioni ni yako."

Jumapili nilisonga ugali mchana, nikachemsha ndengu, nikatandika mkeka. Tukakaa chini sote watatu, baba yake akiniuliza kama kuna mgeni. Nilimpakata binti yangu nikala. Nilikuwa na njaa ya kweli kwa sababu tulikuwa tumeshinda kanisani asubuhi nzima bila chai. Hakufanya kitu kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akaniwekea kidole mdomoni, akaingiza na kingine, akachomoa ugali niliokuwa nimeshautafuna, akaula. Baba yake akataka kushangilia nikamkanyaga mguu. Akarudia mara tatu.

Nikadhani tumevuka. Lakini Jumatatu jioni, nilipotoka kazini na kukaa mkekani naye, alinitazama nikila, akafumba mdomo. Jumanne vilevile. Nilikuwa nimeshiba, hiyo ndiyo kweli. Nilikuwa nashika matonge madogo na kuyasukuma ndani kwa lazima, na mtoto yule, sijui watoto wamepewa macho gani, alijua ninaigiza. Jumatano sikula mchana. Niliporudi nilikuwa natetemeka kwa njaa, nikala kama mtu aliyetoka shambani, naye akanirukia mdomoni akala nami mpaka tukapaka ndengu kwenye nywele. Basi nikajua bei yake.

Nikaacha kula kazini. Nilikuwa naweka bakuli mbele ya mvulana, namlisha, na mimi nashika kikombe cha maji. Siku za kwanza alinitafuta kwa macho, akala nusu. Siku ya nne alifunga mdomo. Sikuamini. Nilipeleka kijiko, akageuza uso taratibu upande wa dirisha, na nilikijua kile kitendo cha binti yangu, mpaka shingo inavyogeuka.

Kliniki ilikuja. Nesi akaweka nukta, mstari ukainuka kidogo sana, lakini ukainuka. "Sitaandika barua," akasema. "Endelea vile unafanya, mama, usiwache hata siku moja." Nilimshukuru mara nyingi mno, mpaka wa nyuma yangu kwenye foleni akakohoa.

Asubuhi iliyofuata madam hakwenda ofisini mapema. Alisimama jikoni na begi lake begani, akimtazama mwanawe na bakuli lililopoa.

"Auntie, ni nini kinaendelea? Wiki nzima huyu hakuli. Nimempeleka kwa daktari, anasema hana kitu." Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuwahi kumwona hivyo. "Wewe ndiye unajua hizi vitu. Niambie tu. Nifanye nini?"

Nilikuwa najua. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja: kaa hapa, kula naye. Lakini kwenye saa ya ukutani alikuwa ameshachelewa, na mkutano haumsubiri yeye kama vile kazi haingenisubiri mimi, na nikasema labda ni meno. Akakubali. Akambusu mwanawe kichwani, akaondoka, na gari likatoka getini.

Mchana mvulana akakaa mbele ya bakuli lake. Alikuwa amekonda mashavuni; mimi ndiye ninayemwosha, naona. Nikamsogezea kijiko, akakichukua mkononi mwangu, akakijaza mwenyewe, nusu ikamwagika, akakinyoosha mpaka kwenye midomo yangu na kukishikilia hapo.

"Auntie," akasema.

Nilifikiria mkeka wa jioni. Nilifikiria siku nyingine zote zijazo, na tumbo langu hili moja. Nikafungua mdomo, kwa sababu alikuwa na njaa naye pia.